GPS ya pikipiki kwa Dar es Salaam: nani alipie milioni na nusu, nani abaki na simu

Kwa dereva ambaye pikipiki yake haitoki nje ya Dar es Salaam, jibu ni fupi: usinunue GPS ya pikipiki. Hela hiyo ina kazi nyingine. Kwa anayetoka na pikipiki kubwa kuelekea Kilwa, Mloka, Ruaha au Katavi, akishinda juu ya siti kuanzia alfajiri hadi jioni, jibu linaweza kuwa ndiyo, ila si kwa sababu wanazozitanguliza wauzaji. Vifaa hivi vinatangazwa kama ramani, na kwetu ramani ndiyo sehemu yake dhaifu kuliko zote. Unacholipia hasa ni kioo kinachosomeka juani, bodi isiyopitisha maji na kiungo cha umeme kisicholegea kwa mtikisiko. Kila uamuzi unaofuata hapa chini unatokana na hilo.

Tahadhari ndogo kwa anayekwenda dukani: ukifika Kariakoo na kuulizia GPS ya pikipiki, mara nyingi utaletewa traka, kile kiboksi chenye laini ya simu kinachofichwa chini ya siti ili mwenye chombo ajue kilipo. Hicho hakimwongozi dereva. Tunachokipima hapa ni kifaa chenye kioo, kinachofungwa kwenye usukani na kuonyesha njia.

Bei yake halisi ikifika hapa

Garmin zūmo XT ilitoka mwaka 2020 kwa dola 499.99 nchini Marekani, kioo cha inchi 5.5. Mrithi wake, zūmo XT2, alitoka 2023 kwa dola 599.99 na kioo cha inchi 6. TomTom Rider 550 ni ndogo zaidi, inchi 4.3. Tukikadiria dola moja kwa Sh 2,600, XT inakuwa Sh 1,300,000 na XT2 Sh 1,560,000, na hapo mzigo bado haujasafiri. VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya thamani ya mzigo pamoja na usafiri, bima na ushuru. Kwa XT, hata ukiweka VAT peke yake bila nauli, umeshafika Sh 1,534,000. Hiyo ni hela inayoweza kuvisha pikipiki nzima matairi mapya, cheni, sproketi, na chenji ikabaki ya helmeti nzuri.

Tena bei hiyo haijagusa ramani. Zūmo iliyouzwa kwa soko la Ulaya inakuja na ramani ya Ulaya. Ukiiwasha Ubungo utaona barabara kuu chache tu kama nyuzi, hakuna Sinza wala Tabata. Ni lazima uongeze ramani ya Afrika, ama kwa kulipia au kwa kuipata bure kwa njia tutakayoieleza.

Ramani: Dar imebarikiwa, lakini baraka iko kwenye simu

Miji michache ya Afrika ina ramani huria nzuri kama ya Dar es Salaam. Mradi wa Ramani Huria ulianza mwaka 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi wakishirikiana na wakazi wa mitaa kuchora maeneo yanayokumbwa na mafuriko. Walichora nyumba, mitaro na vichochoro, na kila walichochora kiliingia OpenStreetMap, ramani ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia bila kulipa. Ndiyo maana Tandale, mahali ambapo ramani nyingi za kulipia zinaonyesha eneo tupu, kwenye OpenStreetMap panaonekana hadi njia ya kupita mtu mmoja.

Programu mbili za simu zinazotumia data hiyo bila intaneti ni Organic Maps na OsmAnd. Organic Maps ni ya bure, haina matangazo, inafunguka haraka hata kwenye simu dhaifu. Upungufu wake kwa dereva wa pikipiki ni kwamba haina mpangilio wa pikipiki: kuna gari, baiskeli, miguu na usafiri wa umma. Ukiiweka kwenye gari itakufikisha hadi barabara ya mwisho ambayo gari linapita, halafu itachora mstari kukatisha mapaa ya watu. Dawa yake ni rahisi. Ukifika mwisho wa barabara ya gari, simama, badilisha iwe ya miguu, kisha angalia kwa macho yako kama kichochoro kinapitisha pikipiki bila kuparuza ukuta wa mtu.

OsmAnd ina mpangilio wa pikipiki, inarekodi safari kwa GPX (faili la kuhifadhi njia uliyopita) na inapangika kwa kila namna, ila menyu zake ni nyingi na inahitaji simu yenye nguvu kidogo. Toleo la bure la Android lina kikomo cha ramani saba za kupakua. Hilo lisikutishe, Tanzania inahesabiwa ramani moja.

Katika zote mbili, kagua mpangilio wa vivuko. Ukiwa Posta ukaomba njia ya Kigamboni, programu inaweza kukupeleka kwenye pantoni ya Magogoni wakati wewe ulitaka Daraja la Nyerere. Zima vivuko kama hutaki kusubiri pantoni. Usizime barabara za kulipia kwa wakati huohuo, kwa sababu daraja lenyewe lina tozo na programu itakukwepesha hapo pia.

Garmin nayo inaweza kubeba ramani hiyohiyo. Utaratibu ni huu. Kwenye kompyuta, fungua tovuti inayotoa OpenStreetMap kwa muundo wa Garmin, ya garmin.openstreetmap.nl inajulikana kwa wengi. Chagua Afrika, weka alama kwenye vipande vya Tanzania, pakua faili la gmapsupp.img. Chukua kadi ya microSD iliyofomatiwa FAT32, tengeneza folda iitwayo Garmin, weka faili humo, chomeka kadi. Washa kifaa, ingia mipangilio ya ramani, tafuta sehemu inayoitwa myMaps, tia alama ramani mpya na uondoe alama kwenye ramani nyingine yoyote inayofunika Tanzania. Ukiacha mbili zikiwaka eneo moja, moja inafunika nyingine, na watu wengi hudhani kadi ni mbovu kumbe tatizo ni hilo tu. Faili moja kwenye FAT32 haliwezi kuzidi GB 4, kwa hiyo usijaribu kuchukua Afrika nzima kwa mkupuo.

Kasoro itakayobaki ni kutafuta anwani. Ramani huria ndani ya Garmin inachora vizuri na kupanga njia vizuri, lakini ukiandika jina la mtaa mara nyingi haikuti kitu. Utategemea majina ya sehemu kama vituo vya mafuta na hospitali, au utaingiza namba za mahali.

Namba hizo ndizo zinazoumiza wengi. Dar mteja hakupi jina la barabara, anakutumia lokesheni kwa WhatsApp. Kwenye simu unagusa mara moja na safari imeanza. Kwenye Garmin unazisoma namba, mfano -6.8161, 39.2803, halafu unaziingiza kwa mkono. Ile alama ya kutoa inamaanisha kusini, kwa hiyo unaandika S 6.8161, E 39.2803. Ukisahau S na kuacha N, kifaa kitakuelekeza Ethiopia. Kosa baya zaidi ni la muundo, kwa sababu halionekani haraka. Kifaa kikiwa kimewekwa digrii na dakika badala ya digrii zenye desimali, 6.8161 inatakiwa iandikwe nyuzi 6, dakika 48.966. Ukijaza 6 na 8.161, umekosea kwa takribani kilomita 75 na kifaa hakitalalamika. Badilisha muundo uwe hddd.ddddd kabla ya kuanza, mara moja, na usiuguse tena. Desimali nne zinatosha, zinakupa usahihi wa mita kumi na moja hivi.

Namba za nyumba zilizobandikwa katika operesheni ya anwani za makazi ya 2022 nazo zinatafutika kwenye simu kupitia programu ya NaPA. Garmin haizijui.

Kwa dereva wa bodaboda anayepokea abiria kwa programu ya kuita usafiri, mjadala unaishia hapa. Oda inaingia kwenye simu, ramani iko ndani ya programu hiyohiyo, malipo yanasomwa hapohapo. Simu itakuwa kwenye usukani tu, na kioo cha pili kando yake kinampa kazi ya kuangalia vitu viwili.

Foleni na barabara za juu

Hoja ya foleni huwa inapewa uzito kuliko inavyostahili. Zūmo inapata habari za foleni kupitia simu, kwa hiyo usiitegemee kama kifaa kinachojitosheleza. Lakini hata simu yenyewe, dakika inazokadiria zinafuata mwendo wa magari. Mstari mwekundu kwenye ramani kutoka Mwenge hadi Makumbusho haumaanishi kwamba pikipiki imekwama. Kinachomsaidia dereva wa pikipiki ni kujua barabara imefungwa kabisa: Jangwani ikijaa maji, au ujenzi wa njia za mwendokasi ukihamisha sehemu ya kugeuzia. Jangwani hutaijua kwa kifaa chochote mapema kuliko utakavyoisikia redioni au kwenye makundi ya madereva. Sehemu za kugeuzia zinabadilika kwenye OpenStreetMap haraka kuliko kwenye ramani za kampuni, maana watu wa hapahapa ndio wanaozihariri, mradi wewe ukumbuke kupakua toleo jipya kila baada ya muda.

Kwenye madaraja ya juu, kifaa cha laki moja na cha milioni moja vinakosea sawasawa. Setilaiti zinatambua uko wapi kwenye ardhi, kimo zinakikisia vibaya. Daraja la Kijazi pale Ubungo lina ngazi tatu, na kifaa hakiwezi kujua uko ya ngapi. Daraja la Mfugale pale TAZARA ni hivyohivyo: ukiwa juu kwenye Nyerere kinaweza kudhani uko chini kwenye Mandela, kikaanza kukuambia ugeuke. Angalia njia kabla hujafika darajani, amua unapita juu au chini, na ukiwa hapo puuza maelekezo hadi ushuke upande wa pili.

Joto

Hapa sasa kifaa maalumu kinaanza kujilipia.

Apple wanasema iPhone imeundwa kutumika kwenye hewa ya nyuzi 0 hadi 35. Januari na Februari Dar hewa inafika 32 au 33 kivulini, na simu iliyo kwenye usukani haiko kivulini. Ongeza joto linalotoka ndani yake: kioo kimewekwa mwanga wa mwisho ili uone, GPS inafanya kazi mfululizo, data iko wazi, na umeme unaingia kwenye betri. Mambo hayo manne yakikutana na jua la saa saba, simu inaanza kujiokoa kwa mpangilio unaofahamika: kwanza inapunguza mwanga, halafu inakataa chaji, mwisho inazima kioo na kuandika kwamba inapoa. Kibaya ni kwamba hatua ya kwanza inakuja wakati uleule unaohitaji mwanga zaidi.

Zūmo XT inatoa mwanga wa niti 1,000 (niti ni kipimo cha mwangaza wa kioo) na imejengwa kuvumilia hali hiyo. Simu nyingi za bei ya kati hazifiki hapo, na zinazofika hazikai hapo muda mrefu zikipata moto. Kwa safari ya Dar hadi Kilwa, karibu kilomita 300, tofauti hii unaiona kila dakika.

Anayebaki na simu anaweza kupunguza tatizo sana. Toa kava; kava la mpira linashikilia joto. Pakua ramani, kisha weka hali ya ndege: GPS inaendelea kufanya kazi kwenye simu za kisasa hata laini ikiwa imezimwa. Fanya hivyo baada ya simu kupata mahali ilipo, siyo kabla, kwa sababu bila intaneti simu iliyokaa muda mrefu inalazimika kupokea taarifa za setilaiti moja kwa moja kutoka angani kwa kasi ndogo mno, na inaweza kuchukua dakika kadhaa. Acha chaji ikiwa betri imepita asilimia 80. Usitumie chaji ya kubandika isiyo na waya, inaongeza joto mgongoni mwa simu. Usiifunge nyuma ya kioo cha kukinga upepo, iache ipigwe na upepo. Na yale mapochi ya plastiki yenye dirisha yanayofungwa kwa zipu, yanayouzwa kila kona kwa ajili ya mvua, jua likiwaka yanapika simu. Yatumie mvua inaponyesha na uyatoe ikikata.

Mvua

XT na Rider 550 zina kiwango cha IPX7, yaani kuzamishwa mita moja kwa dakika thelathini. Simu nyingi za sasa za bei ya juu nazo zina kiwango kama hicho zikiwa mpya, hivyo kifo cha simu kwa maji si tatizo la kwanza. Tatizo la kwanza ni kioo: tone la mvua kinalisoma kama kidole. Ramani inavutika, inapanuka, safari inafutika. La pili ni tundu la chaji. Likilowa, simu inagundua unyevu na kukataa umeme, na masika ya Machi hadi Mei inaweza kukataa kutwa nzima.

Kwa simu, funga kioo cha kugusa kabla mvua haijaanza. OsmAnd ina mpangilio wa kufunga mguso, na baadhi ya simu zinao pia. Waya wa chaji uuache ushuke chini ya tundu kisha upande, ili maji yadondokee kwenye mzingo badala ya kufuata waya hadi ndani. Zūmo haina usumbufu huu. Umeme wake unaingia kwa pini za kwenye kitako chake, na glovu zilizolowa haziizuii kuguswa.

Mtikisiko

Septemba 2021 Apple walitoa onyo rasmi kwamba mtikisiko wa injini kubwa za pikipiki, unaopita kwenye usukani, unaweza kuharibu mfumo wa kutuliza picha ndani ya kamera ya iPhone. Ndani ya kamera hizo lenzi inaning'inia na kushikiliwa kwa sumaku, na mtikisiko wa muda mrefu unaichakaza. Dalili zake ni picha kukataa kutulia na kamera kutoa mlio wa kutetemeka. Kwa injini ndogo na za umeme walishauri kizuia mtikisiko, wakisema pia usiifunge simu hapo kwa muda mrefu mfululizo.

Kinachosahauliwa ni kwamba simu nyingi za Android za bei ya chini hazina mfumo huo kabisa. Kwa hiyo simu ya laki mbili au tatu, kwa kazi hii, ni salama kuliko simu ya milioni tatu. Huo ndio ushauri tunaousimamia kwa nguvu zote kwa madereva wa mjini: simu yako nzuri ikae mfukoni, kwenye usukani iende simu ya pili.

Holda iwe ya chuma au alumini, ya kukaza kwa skrubu, si ya kubana kwa springi. Usukani wa pikipiki nyingi ni milimita 22. Ule mnene wa pikipiki kubwa katikati ni 28.6. Pima kabla ya kununua, maana kuziba pengo kwa mpira wa tyubu kunafanya holda izunguke polepole. Holda ya kufunga kwenye saiti mira inatikisika zaidi kuliko ya katikati ya usukani, kwa sababu iko mwisho wa fimbo ndefu. Kama huna nafasi nyingine, chagua yenye mkono mfupi.

Umeme: hapa ndipo vifaa vingi hufa

Iwe simu au Garmin, kifaa kinategemea fundi aliyeunganisha waya, na makosa yaleyale yanajirudia.

Kosa la kwanza ni kuchukua umeme kwenye taa kubwa ya mbele. Kwenye pikipiki nyingi ndogo taa hiyo inalishwa moja kwa moja na koili za magneto, umeme wa AC usiopita kwenye betri, na volti zake zinapanda injini ikikimbia. Chaja ya USB iliyotengenezwa kwa 12V DC haidumu hapo. Kipimo ni rahisi: washa swichi bila kuwasha injini. Waya ukiwa na 12V, unatoka kwenye betri. Usipokuwa na kitu hadi injini iwake, uache.

Kosa la pili ni kufunga chaja moja kwa moja kwenye betri bila swichi. Chaja yenye taa na namba za volti inaweza kula miliampia 15 hata bila simu. Kwa siku ni 0.36Ah, kwa wiki ni 2.5Ah, nusu ya betri ya 5Ah. Pikipiki iliyolala wiki moja inagoma kustata na lawama inakwenda kwa betri.

Njia sahihi inahitaji rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) ya pini nne, fyuzi ya ampia 5 yenye kishikizo chake, na waya wa milimita moja ya mraba. Kutoka chanya ya betri, weka fyuzi karibu na betri kadiri inavyowezekana, kisha nenda pini 30. Pini 87 iende chanya ya chaja. Pini 86 ichukue waya unaopata umeme swichi ikiwashwa, mfano ule unaolisha swichi ya breki. Pini 85 iende bodi. Hasi ya chaja irudi kwenye hasi ya betri yenyewe, si kwenye boliti yenye rangi na kutu. Solda viungo na uvifunike kwa mpira wa kusinyaa kwa moto. Tepu peke yake inaachia kwa joto na kuingiza maji.

Kabla ya kuchomeka kifaa chochote, pima betri injini ikiwa inakimbia wastani. Volti 13.5 hadi 14.5 ni sawa. Ikipita 15, rektifaya, yaani kidhibiti cha umeme wa chaji, imekufa, na kitu cha kwanza kitakachoungua ni chaja yako. Hesabu ya matumizi: USB ya 5V na ampia 2 ni wati 10, ukiongeza upotevu inakuwa kama ampia moja kwenye 12V. Injini ikiwa imezimwa, saa mbili na nusu za kuchaji zinakula nusu ya betri ya 5Ah.

Waya wa simu nao ni adui. Kichwa cha USB kinacheza ndani ya tundu kwa kila tuta na kila rasta hadi tundu linalegea. Tumia waya wenye kichwa cha kona, uufunge kwenye usukani sentimita chache kutoka kwenye simu ili uzito wake usining'inie kwenye tundu, na uache nafasi ya kutosha usukani ugeuke hadi mwisho pande zote mbili. Pini za kitako cha zūmo ziliundwa kwa ajili ya tatizo hili hasa. Kwa mtu wa barabara za vumbi zenye mawimbi, kama ile ya kutoka Kibiti kwenda Mloka, sifa hiyo peke yake inasogeza mizani.

Kati ya simu na zūmo

Kuna vioo vya pikipiki vya Kichina, inchi tano hivi, vinavyoonyesha ramani inayotoka kwenye simu bila waya. Simu inakaa mfukoni, mbali na jua, mvua na vibaka wa kwenye taa. Bei yake ni nusu ya zūmo au chini ya hapo. Udhaifu: simu inafanya kazi kila wakati kwa hiyo betri inaisha, na bila simu kioo hakina lolote la kukuonyesha. Ukinunua, omba kukiona nje ya duka saa sita mchana kikiwa kimewashwa, maana mwanga unaoandikwa kwenye boksi si ushahidi.

Beeline Moto ni kidude kidogo cha duara kinachoonyesha mshale na umbali tu, nacho kinategemea simu. Kwa safari ndefu ya barabara moja kinapendeza. Kwa Manzese, ambako kona tatu zinafuatana ndani ya mita hamsini, mshale hautoshi, unahitaji kuona ramani.

Kwa anayeamua kununua zūmo

Anayestahili kuinunua ni yule mwenye pikipiki kubwa, anayesafiri mikoani mara kwa mara, anayepitia sehemu zisizo na mtandao, na anayetumia faili za GPX za njia zilizorekodiwa na wengine. Kwake, ramani ya kulipia ya Tracks4Africa ina maana, kwa sababu imetokana na safari za watu waliopita njia hizo na inatoa muda halisi wa kusafiri, siyo kilomita kugawa kwa mwendo. Zūmo pia inaungana na vifaa vya inReach vya kutuma ujumbe na wito wa dharura kwa setilaiti, ingawa hivyo vina malipo yake ya kila mwezi.

Betri ya XT inatajwa kudumu hadi saa 6, na saa 3.5 kioo kikiwa na mwanga wa mwisho. Juani utatumia mwanga wa mwisho, kwa hiyo hesabu 3.5 na ufunge waya wa pikipiki vizuri.

Iliyotumika inapunguza bei sana, lakini kagua haya kabla hela haijatoka mkononi. Kitako cha pikipiki na waya wake viwepo. Bila hivyo unanunua kifaa cha mezani. Pini za kitako zisiwe na kijani cha kutu. Iwashe bila waya, mwanga wa mwisho, uiache dakika ishirini: ikishuka chini ya asilimia 80, betri imechoka. Buruta kidole kwenye kioo kizima kutoka kona hadi kona uone kama kuna mstari usioitikia. Hakikisha haidai namba ya siri ikiwashwa. Chomeka kadi yako ya microSD yenye ramani ya Tanzania uliyoiandaa nyumbani na uone inasomeka. Kisha toka nayo nje, mahali pasipo ghorofa, usubiri setilaiti. Ikikaa muda mrefu kwa mara ya kwanza, usiikatae. Kama iliwashwa mara ya mwisho bara jingine, inaweza kuhitaji zaidi ya dakika kumi na mbili kukusanya ratiba ya setilaiti zote. Izime, iwashe tena. Mara ya pili isipopata mahali ilipo ndani ya dakika moja au mbili, mrudishie mwenyewe.